Kamera ya Mguu wa Kushoto

Jumamosi, 1 Machi

Kamera imefika. Binti yetu aliituma kwa dereva wa basi, imevalishwa soksi mbili za sufu, soksi zikawa ndani ya mkebe wa biskuti. Ndogo — inaenea kiganjani kama sabuni iliyotumika nusu. Nimeikagua. Mkwaruzo mmoja upande wa kulia, chini. Nimeuandika hapa mapema, nisije nikasingiziwa.

Sababu ya kamera ni mguu wa mke wangu. Ana ugonjwa wa sukari mwaka wa kumi na moja huu, na nyayo zake zimekufa ganzi. Mwezi wa kwanza alikanyaga pini ya kushonea akatembea nayo siku mbili, hana habari, mpaka alipoona damu kwenye kandambili. Kidonda kiko chini ya kidole gumba cha mguu wa kushoto na hakitaki kufunga. Mimi ndiye ninayekisafisha na kubadilisha bandeji. Nesi wa chumba cha vidonda anatuona kila baada ya wiki nne. Katikati anataka picha kila Jumapili, rula ikiwa kando ya kidonda, tukienda tena azipange aone kama kinakua au kinasinyaa.

"Mama hahisi, na hawezi kuuinua mguu akakiona," aliniambia. "Baba, wewe ndiye macho yake."

Simu yangu ni ya vitufe. Ina tochi tu.

Kitabu cha maelekezo kina kurasa tisini na sita. Nimekisoma chote, saa nane mpaka saa kumi na moja. Usiielekeze kwenye jua. Usiishike kwa mikono yenye maji. Usiiache ndani ya gari lililofungwa — hatuna gari, hapo tuko salama. Usiwashe flashi karibu na macho ya mtu. Betri ikivimba, achana nayo. Taa ndogo ikiwa inawaka usitoe kadi, picha zote zinaweza kupotea. Aliyeandika haya ni mtu wangu. Nimetunza stoo ya vifaa miaka thelathini na mmoja na sijapata kukutana na mtu mwenye hofu zilizopangwa vizuri namna hii.

Mke wangu ameuliza kurasa ngapi zinahusu mguu.

Jumapili, 2 Machi

Picha ya kwanza: flashi imewaka, kidonda kimekuwa cheupe kama sahani. Ya pili: ukungu. Ya tatu: kidole changu mwenyewe. Nikarudi kitabuni. Ukurasa wa arobaini na moja — kwa vitu vya karibu, chagua alama ya ua.

Nikamwambia, "Tulia kidogo, nakuwekea ua."

"Miaka thelathini na minne ya ndoa," akasema, "na ua lenyewe umeliweka kwenye kidole kibovu."

Nikazima flashi. Nikasogeza kiti chake dirishani, mguu juu ya stuli, kamba ya kamera mkononi kama inavyotakiwa. Ya saba ikatoka safi. Sentimita moja na nusu.

Akauliza kinafananaje. Nikasema kinaendelea. Ndivyo nilivyokuwa nikiwajibu mafundi stoo: kifaa kipo, ila hakipatikani kwa sasa.

Jumatano, 5 Machi

Kamera imepata makazi. Mkebe ule ule wa biskuti, kitambaa laini, na kile kipakiti cha kunyonya unyevu nilichokitoa kwenye boksi la viatu. Juu ya kabati, mbali na jiko, mbali na jua.

Cherehani ya mke wangu nayo iko chumba cha mbele, nimeifunika shuka. Ni ya kukanyaga kwa miguu, na nesi amekataza kabisa asikanyage pedali mpaka kidonda kifunge. Wateja anawaambia warudi mwezi ujao.

Amepita akatazama mkebe, akatazama shuka. "Kila kitu humu ndani kimefunikwa vizuri," akasema. "Nami nina bandeji. Sina la kulalamika."

Jumapili, 9 Machi

Habari njema. Kimepungua. Kingo zimelainika, ule wekundu umekuwa waridi, ngozi inang'aa kama ya mtoto. Macho yangu yenyewe, nilipofungua bandeji, hayakuona hivyo, lakini macho yangu yana miaka sitini na nane na kamera ni kitu cha kitaalamu.

Nimempigia binti yetu. Amelia kidogo kwa furaha. Mke wangu kaanza kuhesabu siku za kurudi kwenye pedali. Mchana nimelala usingizi wa kweli, wa kwanza tangu mwezi wa kwanza.

Jumatatu, 10 Machi

Nimepiga picha ya kalenda ya ukutani kwa kujifurahisha. Kalenda nayo imepona. Tarehe zote zimelainika.

Nikageuza kamera kwenye mwanga. Alama ya kidole katikati ya lenzi — dawa ya kupaka ya kidonda. Kidole ni changu, hakuna haja ya uchunguzi.

Nimeisafisha kama ilivyoandikwa: kwanza puliza vumbi kwa kipulizio, si kwa mdomo, kisha kitambaa laini, taratibu, kwa kuzungusha kutoka katikati. Sina kipulizio. Nimetumia bomba la sindano jipya, lisilo na sindano. Kisha nikamwomba mke wangu mguu tena. Nikamwambia kitabu kinashauri kurudia.

Sentimita moja pointi nane.

Sijamwambia. Binti yetu pia sijampigia. Furaha yao haijamdhuru mtu. Nitawaambia nikipata nafasi.

Jumapili, 16 Machi

Lenzi safi, mwanga mzuri, ua limewekwa. Nikaikuza picha kwenye skrini mpaka mwisho wake. Pembeni ya kidonda, umeganda kwenye ngozi, uzi. Uzi wa buluu.

Nikaenda chumba cha mbele nikainua shuka. Sare za shule, magauni ya buluu, kumi na mawili, yamekunjwa. La kumi na tatu bado liko chini ya sindano.

"Lini?" nikauliza.

"Ukienda sokoni." Hakujificha. "Watoto wanafungua shule. Nilishaahidi kabla ya pini."

"Nesi alisema usikanyage."

"Nilikanyaga kwa wa kulia tu."

"Pedali hiyo unaikanyaga kwa miguu yote miwili. Nimekuangalia miaka thelathini na minne."

Akanitazama. "Kumbe ulikuwa unaangalia," akasema.

Nimeuvua mkanda wa cherehani nikaufungia kwenye mkebe pamoja na kamera. Akasema yeye alikuwa anajua kuna siku ataishia kufungiwa vitu vyake na mtu wa stoo, hakujua tu ni siku gani. Kisha akaniambia jambo lingine, kwa sauti ya kawaida kabisa, huku akikunja gauni: kwamba akikaa bure kutwa nzima anausikiliza mguu, na mguu haumwambii kitu, na hilo linamtisha kuliko maumivu. Akishona anasahau.

Nilisema nitampelekea mwenye shule magauni kumi na mawili kesho.

Kidonda: sentimita mbili.

Alhamisi, 20 Machi

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Saa nne asubuhi nilikuwa mezani nikifuta picha mbovu, zile za ukungu na za kidole changu, ili kadi isijae. Picha nyingi kwa mara moja. Taa ndogo ikawa inawaka na kuzimika. Nikasikia kishindo bafuni. Kisha mke wangu akaita. Hakupiga kelele. Aliita tu, "Njoo."

Nikajibu, "Subiri, taa izime."

Akaita tena. Mimi nimesimama, kamera mikononi, macho kwenye taa. Sijui ilichukua muda gani. Labda nusu dakika. Ningeweza kuiweka mezani ikaendelea yenyewe. Haikuhitaji mtu wa kuishika. Hilo nimelifikiria baadaye.

Nilimkuta amekaa kwenye sakafu ya bafuni, mgongo ukutani, gauni limelowa, goti limechubuka. Bandeji imelowa maji ya sabuni.

"Imezima?" akaniuliza.

"Imezima."

"Haya. Niinue."

Nimembadilishia bandeji. Picha zote ziko salama.

Ijumaa, 21 Machi

Amenijibu vizuri siku nzima. Vizuri mno. Ndiyo, asante, hapana, asante. Nafuu angenitukana.

Jumapili, 23 Machi

Alikaa dirishani mwenyewe, akaweka mguu juu ya stuli, akageuza uso nje. Nikafungua bandeji. Kabla ya kamera nilisikia harufu.

Nikapiga. Kwenye picha, ukingo wa juu wa kidonda una weusi. Nikafuta lenzi, nikapiga tena. Weusi. Nikapuliza, nikafuta tena kwa kuzungusha kutoka katikati, nikapiga ya tatu. Kwa mara ya kwanza maishani nilitamani kifaa nilichokitunza kiwe kibovu.

Nikaweka picha ya tarehe mbili na ya leo, nikawa naenda na kurudi, mbele, nyuma. Rula ni ile ile. Nikaacha kuhesabu sentimita.

"Tunaenda kwa nesi kesho," nikasema.

"Miadi ni Jumanne."

"Kesho, mama watoto. Alfajiri."

Hapo ndipo alipogeuka, akanitazama usoni, si kwenye kamera. Nadhani alisoma humo alichotaka kujua tangu mwanzo, maana hakuuliza tena kinafananaje. Alisema tu nimpigie pasi gauni la kijani.

Jumatatu, 24 Machi

Naandika kwenye benchi, nje ya chumba cha vidonda. Saa tano asubuhi.

Nesi hakuhitaji rula. Alifungua bandeji, akaifunga, akaenda kumwita daktari wa upasuaji. Baadaye ndiyo akaomba kamera, akapitia picha haraka haraka, akaniambia, "Baba, umezitunza vizuri kweli." Alisema kwa nia njema. Nimetafuta pa kuficha uso, korido haina pembe.

Daktari ni kijana, anaongea taratibu kama mtu aliyefundishwa kuongea taratibu. Kidole gumba kitolewe leo. Weusi ukipanda, wiki ijayo hatutazungumza tena habari za kidole. Mgonjwa atie sahihi hapa, na hapa.

Mke wangu akamuuliza kama mtu asiye na kidole gumba anaweza kukanyaga pedali ya cherehani.

Daktari akakiri kwamba hajui. Akasema hajawahi kuulizwa. Atamuuliza mtu wa mazoezi ya viungo.

"Basi kaulize," mke wangu akasema. "Na mimi siwezi kutia sahihi kitu kiondolewe nami sijakiona. Nusu saa, daktari."

Akaondoka. Mke wangu akanigeukia. "Nipe hiyo kamera."

Nikamvalisha kamba mkononi, kwa mazoea. Nikamwonyesha kitufe cha kwenda mbele na cha kurudi. Mwezi mzima nimepiga picha za mguu wake na hakuna hata siku moja niliyomgeuzia skrini. Hakuomba, na mimi nilishukuru kwamba haombi. Kumbe alikuwa ananingoja nimpe.

Ameanzia ya kwanza. Anakaa kwenye kila picha muda mrefu, kama anavyokagua mshono wa mwanafunzi. Alipofika ya tarehe tisa akasimama.

"Hapa nilikuwa nimepona," akasema.

"Hapana. Hapo lenzi ilikuwa na dawa. Kidole changu."

"Ulijua lini?"

"Kesho yake."

Mtu mmoja akapita akisukuma kitanda kitupu, gurudumu moja linalia. Nilidhani atanirudishia kamera. Badala yake akasema, akiwa bado anatazama picha, "Siku ile nilikuwa na furaha kweli." Sikujua kama ananilaumu au ananishukuru, na sijui hata sasa. Nikasema nisamehe. Nikasema na ya bafuni pia. Akasema, "Ya bafuni tutaizungumza nikiwa nimesimama."

Sasa amefika ya uzi wa buluu. Hiyo ameikuza mwenyewe, hakuniuliza kitufe. Ameguna kidogo, kama mtu aliyekamatwa, kisha akaendelea.

Ya jana. Ya mwisho. Hajaendelea, hajarudi nyuma. Betri imebaki kijiti kimoja chekundu, na kitabu kinasema uizime kabla haijajizima yenyewe. Simwambii.

Daktari ametokea mwisho wa korido, yuko na mwanamke mwenye koti jeupe, labda ndiye huyo wa mazoezi ya viungo. Wanatembea taratibu wakiongea. Fomu iko mapajani kwa mke wangu, chini ya kamera. Kalamu ninayo mimi, ndiyo hii.

Amenyoosha mkono upande wangu bila kunitazama. Sijui kama anataka kalamu au mkono wangu. Naacha kuandika.