Mkia wa Ndege ya Salumu

Kasongo

Mama yangu,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha nyumba nzima. Mguu unaendeleaje? Tulipoongea mara ya mwisho ulisema unakwenda shambani polepole, halafu rezo ya simu ikakatika kabla sijasikia kama karanga zimekauka vizuri. Sisi huku tuko wazima. Mvua tu ndiyo inatusumbua. Chumba changu cha kushonea kinavuja upande wa mashine, na nguo za wateja nazifunika kwa turubai. Lakini sikuandikii kwa ajili ya mvua. Kuna motari anayekuja huko Kabambare kesho na pikipiki yake, na mimi nina habari ndefu ambayo simu isingeimaliza.

Ni habari ya baba mkwe wangu, mzee Ramazani. Unajua kwamba tangu mama mkwe afariki hakuwa akitoka. Mtu aliyefanya kazi miaka mingi kwenye uwanja wa ndege wa hapa, aliyekuwa akisalimiana na soko zima, akawa mtu wa kukaa chumbani tu. Chakula nilimpelekea humo humo. Nikimwamkia anaitika, basi. Wenzake wa msikitini walikuja, wakaongea naye, wakaondoka. Mume wangu Salumu akirudi kutoka kibandani kwake, kule anakotengeneza radio na simu, anaketi mlangoni kwa baba yake na hajui aseme nini.

Ndipo mume wangu akaanza kutengeneza ndege. Mama, usicheke. Ni ndege ndogo, mabawa yake marefu kama mikono yangu miwili nikiinyoosha, na ameikata kwenye ile musi nyeupe, nyepesi, wanayozungushia televisheni ndani ya karatoni isivunjike. Mota, na telekomande ya kuiongozea kutoka chini, alitumiwa na binamu yake wa Bujumbura.

"Baba anapenda ndege," aliniambia. "Akisikia iko inalia juu ya nyumba, atatoka."

Alitoka kweli. Tulimwekea kiti kando ya uwanja wa mpira, Salumu akairusha, ikapanda vizuri. Kisha akavuta kidogo tu kijiti cha telekomande, na ndege ikasimama wima, pua juu, ikalegea, ikaanguka kichwa chini katikati ya mihogo ya jirani. Watu walicheka. Mzee hakucheka. Alisema, "Turudi nyumbani," akaingia chumbani, akafunga mlango. Safari hiyo hata chakula alikirudisha.

Salumu aliketi na vile vipande mapajani. "Nimemutoa baba inje ili aone ndege inaanguka," alisema. Alitaka kuitupa. Nilimkatalia. Nikamwambia aigundishe, kisha ailete juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa, penye mwanga.

Alipomaliza kuigundisha akawa anaijaribu. Anavuta kijiti, na kibawa cha mkiani kinainuka. Nikasikia sauti nyembamba kama ya mbu.

"Nini iko inalia kule mukiani?"

"Iko servo," alisema. Servo, mama, ni kimota kidogo chenye mkono mfupi. Mkono unasukuma waya, waya unainua au kushusha kile kibawa, na ndege inapanda au inashuka.

"Lakini kibawa kimekwisha kugota, na yeye anaendelea kusukuma."

Salumu akainama, akaweka sikio. Mimi nikachukua rula yangu. Kwenda juu, kibawa kilipita upana wa vidole vitatu. Kwenda chini, hakikufika hata kidole kimoja. Alitazama rula, akanitazama mimi, akaanza kucheka peke yake. "Ndiyo maana ilisimama wima, Faila. Nilivuta kidogo, mukia ukavuta mingi."

Basi tukafanya kazi. Kwanza aliacha kijiti katikati, akautoa ule mkono wa servo na kuurudisha ukiwa umesimama sawasawa. Kisha akahamisha waya kwenye tundu la ndani, karibu na shina la mkono, ili mkono uzunguke vilevile lakini waya usafiri njia fupi. Halafu kwenye telekomande akawa anapunguza namba za mwendo wa kibawa kidogo kidogo, upande wa juu, upande wa chini, mimi napima, mpaka ile sauti ya mbu ikanyamaza na rula ikatoa kipimo kimoja pande zote. Bibi arusi aliyekuja kujaribu gauni lake alijikuta ameshika bawa mpaka tukamaliza.

Lakini tulipobisha mlangoni, mzee alikataa kufungua. "Nilikwisha kuona," alisema akiwa ndani.

"Tumepunguza mwendo wa mukia, baba," Salumu alisema.

Fimbo ikagonga sakafu huko ndani. Kisha tukasikia, "Mumepunguza pande zote mbili?"

"Zote mbili."

Mlango ukafunguka.

Mama, natamani ungeiona. Pale uwanja wa mpira ilipanda kama ndege ya kweli, taratibu, ikazunguka uwanja, ikapita juu yetu. Haikuyumba hata kidogo. Ilipoanza kushuka ndipo mbuzi wa watu wakaingia katikati ya uwanja. Salumu hawezi kuondoa macho juu. Mimi napiga makofi, mbuzi hawatoki. Nikaona kiti cha mzee kitupu. Alikuwa uwanjani, fimbo juu, kandambili moja imebaki nyuma, anawafukuza mbuzi kama alivyofukuza miaka yote kule uwanja wa ndege kila ndege ilipotaka kutua. Ya Salumu ikagusa majani, ikateleza, ikasimama karibu na miguu yake.

Alihema sana. Aliitazama, kisha akamwambia mwanawe, "Irushe tena. Mambo ya mbuzi muniachie mimi."

Jioni alikula nje pamoja nasi. Alituhadithia jinsi mama mkwe alivyokuwa akimpelekea chakula kule uwanjani, na siku upepo wa ndege ulipochukua mfuniko wa sufuria wakaukimbilia wote wawili. Tangu tumzike, hakuwa amelitaja jina lake. Alilitaja mara nyingi, na kila mara alicheka.

Nisalimie kaka anayelima na wewe, mama mdogo anayeuza mafuta ya mawese, na bibi, mwambie nguo yake naishona. Mungu akulinde mpaka tuonane uso kwa uso.

Ni mimi binti yako,
Faila