Kitovu Chini ya Mgomba

Kamina, nyuma ya stesheni
Jumamosi, tarehe 11 Oktoba 2025

Mpendwa dada yangu mkubwa, Yaya Mireille,

Kabla hata ya salamu, acha nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu yeyote. Jumapili iliyopita, wote walipokuwa kanisani, nilichukua jembe nikaenda nyuma ya nyumba, pale kwenye mgomba ambako Nkambo, bibi yetu, alizika kitovu, nikachimba. Nilikuwa natafuta kitovu changu. Nilitaka kukutumia huko Liège, kwa ajili ya figo za Mama.

Sasa unaweza kucheka. Ukimaliza, pokea salamu zangu. Hujambo, Yaya? Baridi ya huko imeshaanza kukuuma masikio? Hapa mvua imerudi, udongo unanukia, nasi tunaamka, tunakula, tunamshukuru Mungu. Mdogo wangu Zébédée ameota tena meno ya mbele, na sasa anang'ata kila kitu, hata mikanda ya Baba.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu ya nyumbani ni ya wote. Ujumbe wa sauti ukiingia, hata jirani anausikia. Barua hii ataibeba Asma, binti wa mzee Ismaeli muuza vitenge. Anapitia Lubumbashi, halafu anapanda ndege kuja Ubelgiji. Ameapa hataisoma.

Sasa habari ya Mama. Kule Lubumbashi ameshawekewa chimio, dawa za saratani, mara mbili. Uvimbe unapungua, daktari mwenyewe alitabasamu. Lakini safari ya mwisho alituita pembeni, Baba na mimi, akatueleza kwa Kifaransa cha haraka kwamba ile dawa, cisplatine, imeanza kuumiza figo. Wiki ijayo watapima damu tena. Figo zikiwa bado na shida, watalazimika kuiacha, na ni hiyo hiyo inayoushinda uvimbe. Kwa hiyo Mama anywe maji, anywe mengi.

Njiani Baba alinishika bega. “Mama yako asisikie hii maneno ya figo. Akisikia, roho yake itaanguka. Weye mwambie tu akunywe mayi.”

Basi nimekuwa mtu wa kikombe. Asubuhi kikombe, mchana kikombe. Mama anaonja, anakunja uso. Anasema tangu chimio maji yana ladha ya misumari. Nikitia majani ya citronelle, yaani mchaichai, anakunywa nusu, nusu anamwagia mchicha wake. Halafu kuna choo. Choo chetu ni cha nyumba tatu, na Mama Fils, jirani yetu, hukaa mlangoni pake mchana kutwa akichambua sombe, majani ya muhogo. Siku moja Mama alipopita kwa mara ya tatu, akapaza sauti:

“Eh, Mama Talitha! Umefungua bureau ya kazi mule ndani?”

“Mule njo naandikia barua ya mapendo,” Mama akajibu, na uani wakacheka wote. Lakini jioni hakugusa kikombe. “Minyi si mutoto wa kuchungwa na kopo,” akaniambia. Na angejuaje? Hakuna aliyemwambia yale maji yanafanya kazi gani.

Njo wakati ule ule ujumbe wako ulinifikia. Niliusikiliza peke yangu, nimejificha stoo kati ya magunia ya mahindi. Ulisema kwenye maabara yenu mnawapa panya cisplatine, kisha mnawadunga seli-shina zilizotoka kwenye vitovu vya watoto wachanga, vile ambavyo akina mama wanakubali kuwaachia. Ukasema figo za panya hao zinaumia kidogo kuliko za wenzao. Na kwamba zile seli hazikai. Nyingi zinakwama kwenye mapafu na kupotea, lakini zinaacha vifurushi vidogo vidogo vinavyoziambia seli za figo zisife. Ukasisitiza, Yaya, nakumbuka vizuri: haijawa dawa bado, na mnachunguza pia zisije zikausaidia uvimbe wenyewe kukua.

Darasani nimesoma chimie-biologie, kemia na biolojia, nikaelewa. Lakini nikifumba macho, sielewi tena kwa njia ile. Naona figo za Mama kama maziwa mawili, ziwa Kisale na ndugu yake, vile Mama anavyotusimulia utoto wake wa kule Kinkondja: visiwa vya mafunjo vinavyoelea, watu wanalala hapa na kuamka kwingine. Kila mtu kisiwani ana wavu wake. Chimio imepita kama upepo wa moto, nyavu zimetoboka, na wenyewe wamekaa chini wamechoka, hawataki hata kusimama. Halafu wanakuja watu wadogo kwa mitumbwi, weupe kama povu la sabuni. Hawavui, hawashuki. Kila mmoja anarusha kifurushi kilichofungwa kwa jani, anasema “simama, bado,” anapotea kwenye ukungu. Wakifungua, ndani kuna uzi. Wanaanza kushona. Na maji yanapita tena, safi, polepole, bila sauti.

Huwa natamani nibaki pale. Kule sina haya, Yaya. Kule naongea na kila mtu.

Ni ndoto hiyo iliyonishikisha jembe. Najua kitovu cha miaka kumi na sita kimeshakuwa udongo. Najua ninyi mnachukua cha mtoto aliyezaliwa saa ile ile, tena mnakitunza kwenye baridi. Nilichimba hata hivyo. Nilikuta mizizi, kifuniko cha soda na konokono mmoja. Nikarudisha udongo, nikaukanyaga, nikanawa, na walipotoka kanisani nilikuwa nasonga bukari, ugali wetu, kama mtoto mwema.

Lakini pale nilipokuwa nanawa, nilitazama maji yakipita kati ya vidole, nikashikwa na haya ya aina nyingine. Nimefukua ardhi kutafuta kitu cha kulinda figo, na kumbe kinga ambayo tunayo leo iko ndani ya kikombe, na kinachoizuia ni mdomo wangu. Nimejaribu kumwambia. Nikisimama mbele yake maneno yanarudi tumboni. Kwa kalamu tu ndiyo yanatoka.

Nasikia sandali zake koridoni. Anatembea akigusa ukuta kwa mkono siku hizi, naijua ile sauti ya kiganja. Tangu asubuhi, kila akikaribia, naisukuma barua hii chini ya mto. Mkono umeshaenda kwenye ukingo wa karatasi. Naurudisha. Mama anasoma Kiswahili vizuri kuliko mimi. Ni Kifaransa cha madaktari tu kinachompita. Acha karatasi ikae hapa mezani, wazi.

Namalizia haraka. Nisalimie shemeji Timothée, na Tantine Kabedi ukimpigia. Nkambo anakutaja kila akiomba. Mungu ayalinde macho yako juu ya hiyo hadubini, ayape usingizi mzuri, na siku moja uote Kamina.

Wako akupendaye sana,
Talitha

Yaya, bado niko hapa. Alisimama nyuma yangu akasoma yote, hata pale pa konokono. Hakulia. Aliketi kitandani, akafunga upya kitambaa chake cha kichwa. Halafu:

“Weye mutoto. Ile ya ku mugomba ni kitovu ya Zébédée. Yako, Nkambo aliibeba mpaka Kinkondja, akaizika pembeni ya mayi.”

Labda njo maana naota kule. Sikuuliza.

“Na baba yako, nitamungojea hapa hapa,” akasema. Kisha akanyoosha mkono. “Leta ile kopo. Na umwambie Mama Fils, leo bureau itafunguliwa mpaka jioni.”