Mara ya Ishirini na Tatu

6 Machi

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Naanza kwa kuomba radhi. Miezi mitano nimetulia kama maji ya mtungini, nawe hukunifanyia ubaya wowote. Natumaini macho yamepata nafuu na Mkazamjomba hajambo. Mimi ni mzima, ila kazi ni nyingi.

Tangazo letu la kuku wa kukaanga limevuma kuliko nilivyotarajia. Watu wakimwona karani mkali humwambia, "Nasema hivi..." kisha hujifanya wanatafuna. Kampuni inataka la pili, na inamtaka mzee yule yule. Nimeagizwa nikuombe. Lakini siwezi kuomba kabla sijakiri.

Unakumbuka, ulipokuwa mgeni wangu, ulikuja studio kuniletea simu niliyoisahau nyumbani. Mwigizaji wangu alikuwa ameamka na jino limemvimbisha shavu. Wewe ulisimama mlangoni umekunja uso, kama mtu aliyekuja kudai haki yake. Nikasema moyoni: huyu ndiye. Mzee anaingia mkahawani kulalamika, lakini kila akianza, "Nasema hivi...", huonja kwanza ili apate ushahidi, na lalamiko linamezwa pamoja na kuku. Ulikubali kunisaidia. Ukasahihisha makosa mawili katika mkataba, ukatia sahihi.

Katika kazi yetu mtu hamezi kila anachotafuna. Chini ya meza huwekwa ndoo. Nikisema "Kata," mwigizaji hutema. Nilikuonyesha ndoo ile. Wewe ulimeza. Nikaona mara ya pili, ya tano, ya kumi. Sikukuzuia, kwa sababu uso wako ulizidi kuchekesha. Nikawa nasema tu, "Tena!" Kesho yake ulipanda basi ukarudi kwako, nami sikupiga simu hata kuuliza hali ya tumbo. Niliona aibu, na aibu ikazaa kimya.

Nisamehe, Mjomba.

Mpwa wako


20 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako imefika salama. Macho hayajambo, miguu ni ya umri wake. Mkazamjomba wako anakusalimu, na anauliza kama bado unakula ukiwa umesimama.

Umeeleza nusu. Nusu nyingine ni hii: nilipofika nyumbani nililazwa siku mbili. Daktari aliniuliza nimekula nini. Nikamjibu, "Kuku." Akauliza, "Wangapi?" Nikamwambia aandike dawa, asinihoji.

Ndoo niliiona. Nimefundisha miaka thelathini na minne, na sikuwahi kumruhusu mtoto ateme chakula mbele yangu. Ningeanza mimi, tena mbele ya watu kumi na wawili nisiowajua? Hilo ni kosa langu, si lako.

Kuchekwa hakuniumizi. Watoto wa mtaa huu huniamkia, "Shikamoo, Mzee Nasema Hivi," nami huitikia. Mwenye duka hapa jirani ameniambia, "Mwalimu, kumbe nawe kuna kitu cha kukunyamazisha!" Nilimwambia anipimie sukari.

Ninachokitafakari ni kingine. Nilikuwa nakutazama uliposimama kando ya kamera. Watu wako wote walikuwa wanacheka, wengine wameziba vinywa kwa viganja. Wewe hukucheka. Ulinitazama kama seremala anavyotazama ubao.

Naomba jibu moja, lisilopambwa: mlitumia picha ya mara ya ngapi?

Mjomba wako


2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini nyote ni wazima. Habari ya kulazwa imenikata maini. Sikujua, na sikujua kwa kuwa sikuuliza.

Jibu ni hili: mara ya ishirini na tatu, ya mwisho kabisa. Pale unapofungua kinywa na neno halitoki, jasho linakutiririka, na mkono unaishikilia meza. Hukuwa unaigiza. Nilijua. Mhariri wangu alitaka tutumie ya sita, nayo ilikuwa nzuri. Nilikataa.

Ukitaka liondolewe, sema. Nitawaendea wakubwa mimi mwenyewe, hata wakininyang'anya kazi.

Mpwa wako


29 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Wiki nane si haba, najua, na safari hii wa kuomba radhi ni mimi. Sikujua la kusema, nami huwa siandiki nisilolijua. Tu wazima.

Nilimwomba mwenye duka anionyeshe tangazo katika simu yake. Nimelitazama mara sita. Mkazamjomba wako alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la mchele. Lilipoanza tena, akaacha kucheka. Akasema, "Jamani, huyu anaumwa." Mwenye duka akamwambia, "Mama, hiyo ndiyo sanaa yenyewe." Akamjibu, "Sanaa gani? Nimelala na huyu mtu miaka arobaini."

Usiliondoe. Ulichagua sawa. Ungechukua ya sita kwa ajili ya undugu, ungekuwa umefanya kazi mbovu, na kazi mbovu siisamehi hata kwa mpwa.

Lakini tangu ile ya kumi, ulipokwisha kuona, tulirudia mara kumi na tatu. Katika zote hukutembea hatua saba kuja mezani uniulize, "Mjomba, unaweza?" Ningejibu kwamba naweza. Ningemeza zote kwa hiari yangu, na uso ungekuwa ule ule. Kitu ambacho ningekupa kwa kuombwa, ulikichukua kwa kunyamaza. Tumbo lilipona kwa siku mbili. Hili limechukua muda zaidi.

Kuhusu tangazo la pili, Mkazamjomba wako hataki hata kulisikia. Mimi sijakataa. Nikija, kabla ya kila "Tena" utakuja mpaka nilipo, mbele ya watu wako, uniulize, na ungoje jibu. Nikisema basi, ni basi, hata kama uso bado haujakuridhisha na wakubwa wako wamesimama nyuma yako wakitazama saa.

Usinijibu upesi kwamba utaweza. Nakujua tangu utotoni. Ukishashika kazi, husikii. Kaa nalo kwanza. Nami nitakaa na mke wangu tulizungumze bila kupandishiana sauti. Tukishaamua, nitakuandikia.

Mjomba wako