Mama, Manjula na Mlio wa Masikioni

Mtaa wa Shela,
Malindi.
19 Agosti 2025

Mpendwa Mjomba Muzammil,

Asalaam aleikum, na shikamoo. Mu hali gani hapo Maskati, wewe na watu wako? Joto limepungua? Sisi huku kusi latupepea na afya si haba, ila dada yako Harusi alitutia majaribuni. Usishtuke, ameshapata nafuu.

Najua umesikia kwamba Mama amegombana na Manjula mwenye duka, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Ni kweli. Mama alianza kusikia "nziii" masikioni kutwa kucha, akashikilia kuwa ni friza ya dukani kwa Manjula.

Na siku hizo, Mjomba, Mama hakuwa Mama. Ala sahani mbili za wali na bado akonda. Sisi tumejifunika shuka, yeye jasho lamtiririka. Jambo dogo tu, ashawaka. Majirani wakamsifu kuwa amerudi kigori, naye akafurahi!

Basi akaenda dukani amefura. "Manjula, zima friza yako, yanitoboa ubongo!"

Manjula, kwa kuchunga ujirani, akaizima. Mama akatega sikio. "Umezima nyengine! Hii bado yalia."

Na friza mle ndani ni moja tu. Mama akakataa isiwashwe, aiskrimu ikayeyuka yote, watoto wa mtaa wakainywa kwa vikombe huku wakimwombea Mama maisha marefu. Tangu hapo salamu zikakatika.

Siku moja mimi niko sokoni, Mama akaishiwa nguvu barazani, moyo wamwenda mbio. Manjula alimwona, akatoka dukani akamshika mkono. Ulikuwa ukitetemeka. Akamtazama shingo, akaiona imevimba.

"Twende hospitali, Harusi."

"Mimi sisemi na wewe."

"Basi nyamaza. Lakini panda tuktuk."

Walimpima damu. Daktari Odera akasema tezi ya shingoni inafanya kazi kupita kiasi: moyo hukimbia, damu hupita kwa kasi, na wengine husikia mlio masikioni. Mama akauliza, "Kwa hiyo friza haina makosa?" Manjula alicheka hadi akatolewa nje.

Sasa Mama yuko kwenye vidonge. Mlio umepungua, ingawa haujaisha. Mwili unarudi, na hilo limemuudhi, maana madera yote alikwisha yapunguza. Manjula alipelekewa mkate wa sinia, na Mama akauandama mwenyewe hadi dukani. Hakurudi hadi magharibi.

Jengine, Mjomba: daktari asema maradhi haya huweza kwenda kwa ukoo, basi nawe kapimwe. Mama ana yakini unayo, kwa ulivyomfokea kwenye simu mwezi uliopita. Nimemwambia hiyo si tezi, ni tabia. Lakini kapimwe, tujue.

Nisalimie mkaza mjomba Ilham na mwanenu Salman. Mungu akuhifadhi ugenini, akurejeshe kwetu u mzima wa shingo na masikio.

Mpwa wako akuwazaye kila siku,
Widad