Kiti cha Sultani Kinachopaa

Jumatatu, 2 Septemba 1974

Kazini saa mbili. Dirisha la tiketi limekwama tena, nimelifungua kwa kijiko. Sabuni hakuna. Sukari hakuna, na mfungo unakaribia. Balbu ya mlangoni imeungua. Mahali pa kupata nyingine sipajui.

Hajji kaja saa nne. Ndiye mwenye sinema sasa, alipewa pale Wahindi walipofukuzwa. Zamani alikuwa akiuza ng'ombe. Filamu hazijui hata moja, kila kitu ananiuliza mimi mkata tiketi. Leo kasema kuna Mkenya anazunguka na maonyesho ya vitu vya filamu, mapanga na mavazi, atayaweka ukumbini kwetu wiki nzima. Kisha kauliza kama namjua Sultani wa Mawingu.

Kama namjua! Nilimwona nikiwa na miaka saba, kota za polisi Wandegeya, shuka jeupe ukutani na marehemu baba amenibeba mabegani. Sultani akakaa kwenye kiti chake cha dhahabu, kiti kikapaa juu ya milima, jini akabaki chini analia. Hassani wa jirani akasema kinavutwa na waya. Nikamng'ata sikio. Baba akanichapa, wala sikujuta. Sasa mimi mtu mzima, Kihindi sikijui, na maneno yote ya filamu ile nayajua kwa moyo. Mama alikuwa akisema ndiyo maana sijaolewa.

Na kiti chenyewe kinakuja. Hapa Kampala! Nimecheka peke yangu dirishani hata mteja mmoja akaniuliza kama nina malaria.

Jumatano, 4 Septemba

Kutwa nzima kutafuta kibali cha maonyesho. Hajji haendi ofisini, Hajji anatuma. Ofisi ya kwanza wakanipeleka ya pili. Ya pili wamekwenda kula. Wakarudi wameshiba na usingizi.

Afisa kauliza huyo Sultani ni wa nchi gani. Nikasema wa mawinguni, mzee, ni filamu. Kanitazama kama mwehu. Kaandika Uarabuni. Nikataka kubisha, nikaona muhuri uko mkononi mwake, nikasema sawa mzee. Kagonga. Miguu inaniuma.

Alhamisi, 5 Septemba

Lori limefika. Mkenya anaitwa Wekesa, mnene, mcheshi, Kiswahili chake kinateleza. Kaja amekasirika. Mpakani mtu mmoja kalipenda lile zulia jekundu la kutandika chini ya kiti, kalichukua. Yaani kalikunja tu, kaenda nalo.

Tukakifungua kiti. Ni kidogo kuliko nilivyodhani. Sijali. Mkono wa kushoto una mkwaruzo, pale jini alipokipiga kwa jambia. Mahali penyewe hasa! Nimeupitishia kidole. Nimelia mbele ya wapagazi, aibu gani hii.

Wekesa kaniambia, "Kaa dada, ujisikie." Nimekataa. Mkata tiketi na kiti cha Sultani wapi na wapi.

Ijumaa, 6 Septemba

Kitambaa chekundu hakuna Kampala hii. Nimezunguka maduka ya Nakivubo hadi viatu vikafunguka. Kuna khaki. Kuna khaki nyingine. Mwenye duka mmoja kanionyesha pazia la choo. Hajji anasema weka hata magazeti. Magazeti! Chini ya Sultani!

Nimerudi nyumbani nimenuna. Mwenye nyumba wangu Nnalongo, mama wa mapacha, Muganda mzee aliyenipangisha chumba, kaniuliza nina nini. Nikamweleza. Natafuta kitu kizuri cha kutandika chini ya kiti cha mfalme. Kaingia ndani, katoka na kitambaa cha gome la mti, kile wanachokiita lubugo, kikubwa, laini, rangi ya udongo mwekundu. Kakishika kwa mikono miwili akinipa. Nikamshukuru mno. Angalau mtu mmoja mjini hapa ana akili.

Jumamosi, 7 Septemba

Tumefungua. Watu haba. Nimesimama na maelezo yangu yote, kutoka jini hadi farasi wa chuma. Wanafunzi watatu wa chuo wamecheka upanga wa mbao. Sura zao nimezishika.

Kiti kimependeza juu ya lile gome kuliko hata kwenye filamu.

Jumapili, 8 Septemba

Watu wamejaa! Wazee wenye kanzu na koti, akina mama na magauni yao mazuri ya gomesi, ya harusini. Moyo wangu ukapaa. Nikasema hatimaye, Kampala imeamka, inamjua Sultani.

Lakini hawakutazama upanga. Kichwa cha jini wakakipita kama gunia. Hakuna aliyeuliza swali hata moja. Wote moja kwa moja kwenye kiti. Wakavua viatu. Akina mama wakapiga magoti. Mtu kaweka buni za kahawa pale chini, zile wanazompa mgeni wa heshima kutafuna. Halafu mzee mmoja akalala kifudifudi sakafuni, na kanzu yake safi, akawa anasema maneno kwa sauti ya chini, machozi yanamtoka.

Hapo ndipo nikaelewa, mimi punguani. Wafalme walifutwa nchi hii, kabaka wa Waganda wa kwanza wao, hata kuwataja watu wanawataja kwa kuangalia nyuma. Na mimi nimeweka kiti cha dhahabu juu ya gome la kifalme katikati ya mji. Nimezaliwa hapa, nimekulia hapa, ila kota za polisi. Sisi tulijua bendera na gwaride. La gome nani angetufundisha?

Nikamkimbilia Hajji, tulitoe lile gome sasa hivi. Hajji anahesabu noti. Kasema nikiligusa atanifukuza kazi. Astaghfirullahi, ng'ombe walikuwa saizi yake.

Jumatatu, 9 Septemba

Nimegombana na Nnalongo. Nikamwambia ulijua! Ulijua na ukaita watu! Kaendelea kumenya ndizi za matooke, uso mkavu.

"Bannange jamani, Lehema," kasema, kila r kwake ni l, "sisi tumekuja kuona sinema tu."

Sinema! Nimefunga mlango wangu kwa nguvu hadi kalenda ikaanguka. Baadaye nikasikia anaimba taratibu kule jikoni. Siku zote nilizokaa hapa sijawahi kumsikia akiimba.

Jioni wamekuja vijana wawili wa usalama, mashati ya maua na miwani ya jua ndani ya ukumbi wenye giza. Hawakukata tiketi. Hawakuvua viatu. Waliwatazama waliopiga magoti, mmoja mmoja, wakaondoka. Nikamwambia Wekesa afunge vitu aende leo hii. Kasema lori linasubiri petroli. Petroli nayo inamsubiri Mungu.

Jumanne, 10 Septemba



Walikuja asubuhi, Kapteni na askari wanne. Watu wote ukumbini wakatoka kwa mlango wa choo. Hajji akakumbuka ana mgonjwa Masaka. Nikabaki mimi na Wekesa.

Kapteni akakizunguka kiti. Akaokota buni, akainusa.

"Kiti ya kabaka nafanya nini hapa?"

Wekesa akaeleza. Kadiri alivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuharibika. Mkenya, kaleta kiti cha ufalme Kampala, kimefungwa ndani ya sanduku. Nikakimbilia kibali. Kibali kinasema Sultani wa Uarabuni. Kapteni akauliza huyo Sultani wa Uarabuni anataka nini Uganda. Yule afisa na muhuri wake, Mungu anamwona!

Kisha Kapteni akawaambia askari wapakie kiti, wapakie na mwenyewe, Makindye. Basi. Kila mtu anaijua kambi ya Makindye. Watu wanapelekwa, wake zao wanabaki kuzunguka maofisini wakiuliza. Wekesa akakaa chini sakafuni.

Nikasema, afande. Nikamwambia mimi mtoto wa konstebo, nimezaliwa kambini, siwezi kukudanganya. Hiki kiti ni mbao za sanduku la chai, kimepakwa rangi. Akasema onyesha.

Nikachukua nyundo ya kupigilia mabango. Nilidhani kubandua kidogo kutatosha. Nikachana karatasi ya dhahabu ya mgongoni. Chini yake mbao nyembamba, na alama ya kiwanda cha chai. Askari wakacheka. Alhamdulillahi. Nikaweka nyundo chini.

"Endelea," Kapteni akasema.

Nikavunja mkono wa kulia. Endelea. Nikang'oa ule wa kushoto, wenye mkwaruzo. Endelea. Nikakilaza ubavu, nikapiga miguu. Kililia kama kreti la soda. Nilikuwa nalia na mimi, kwa sauti, wala sikujificha. Chini ya kikalio nikakuta kulabu nne za chuma, na kipande cha waya bado kimening'inia. Ewe Hassani!

Kapteni akaushika ule waya. Uso ukabadilika. Waya ya redio? Nikasema hapana afande, ni wa kukirusha kiti. Akasogea karibu. Kukirusha? Basi nikamsimulia filamu yote pale pale, mbio mbio, kamasi zinanitoka. Jini, mlima, farasi wa chuma, kiti kinapaa. Nilikuwa namsimulia kwa ajili ya roho ya mtu.

Akasikiliza. Akavua kofia.

"Ile jini nalia chini? Hiyo mimi naliona Jinja, bado kijana." Akatazama vipande. Akatazama tena. "Kiti naruka, ndiyo hii?"

Nikasema ndiyo.

"Sasa mbona wewe hakusema mbele?" Akanifokea! Mimi! Amekasirika kama vile nimevunja cha kwake. Akainama, akachagua ule mkono wa kushoto, akauliza mkwaruzo ni ule wa jambia. Nikaitika kwa kichwa. Akaubeba kwapani, akaenda nao. Wekesa wakamwacha pale pale sakafuni.

Sikuwahi kukikalia. Hata mara moja.

Jumatano, 11 Septemba

Hajji karudi, mgonjwa wa Masaka kapona. Mbao zilizobaki kazipeleka kwake kuchemshia maharage.

Alhamisi, 12 Septemba

Petroli imepatikana. Wekesa kaondoka na masanduku yake mengine. Kanishika mikono yote miwili. Kaenda.

Nimemrudishia Nnalongo gome lake. Lina alama ya buti. Nikamwambia kiti nimekivunja kwa mkono wangu. Kalipokea kwa mikono miwili. Kisha kakikung'uta kile kitambaa uani, taratibu, akakikunja, akauliza yule Mkenya yuko wapi. Nikasema keshavuka mpaka. Kanimiminia chai, kavu, bila sukari, na mimi nikanywa. Hasira nilizomwekea sijui zimekwenda wapi. Nimechoka tu.

Jumamosi, 14 Septemba

Mvua. Mkanda wa filamu ya wiki hii haukufika. Hajji kasema chagua chochote kilichobaki stoo tangu enzi ya Wahindi. Nikachagua Sultani wa Mawingu. Picha ina michirizi, sauti inakatika.

Nnalongo kaja, kakata tiketi dirishani kwangu kama mteja yeyote. Hajawahi kuiona. Nikafunga dirisha nikaenda kukaa naye.

Ilipofika ile sehemu nikasogea mbele kwenye kiti changu, nikakodoa macho. Nimeutafuta ule waya, kona zote nne. Sikuuona.

Nnalongo kanigusa mkono. "Inaluka na nini?"

Nikamwambia kinapaa tu chenyewe.