Majani Niliyofagia

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimia katika jina la Bwana. Miguu inaendaje? Baridi ya milima inakuacha ulale? Sisi huku ugenini Whitehall tuko wazima. Mjukuu wako ameota meno mawili, ananiuma nikimnyonyesha.

Mama, nimekosa. Unajua ninatunza bibi mmoja Mjapani, kule Westerville. Ni mgonjwa wa mapafu, pumzi imebaki kidogo. Kwenye uwanja wake kuko mti wa kwao. Juma lililopita nilikuta majani yamejaa chini, nikaona haya kwa ajili yake. Wewe ulitufundisha kwamba uwanja usiofagiwa unamsema mwenye nyumba. Donc nikafagia yote, nikatia mu mifuko, gari ya takataka ikabeba. Bibi akatazama dirishani, akasukuma chakula pembeni. Binti yake ndiye alinieleza: majani yale yakikauka yananukia, na mama yake anangoja harufu ile mwaka mzima. Daktari amesema mwaka mwingine hataufikia.

Nilipiga magoti mbele ya bibi nikaomba msamaha. Akanishika mkono, akasema juu ya mti kumebaki mengine, tungoje. Tukangoja siku nne. Akanifundisha kupumua: kuvuta polepole kwa pua, kuachia polepole zaidi. Nikifanya hivyo moyo unatulia, halafu machozi yanakuja. Tangu uliponipigia simu kwamba baba ametuacha, sikuwa nimelia, Mama. Hapa kazi haingoji kilio.

Jana majani yakaanguka, makavu. Nikamletea sahani nzima. Akainamisha uso, akavuta pumzi, akavuta tena.

"Sisikii kitu," akaniambia. "Niambie wewe."

Bon, Kiingereza changu unakijua. Nikamwambia ni kama sukari inayoungua chini ya sufuria, mama yangu akipika karanga za kuuza, na sisi watoto tumejaa mlangoni. Akafunga macho.

"Endelea."

Nikaendelea mpaka akasinzia.

Nisalimie shangazi anayekutekea maji, na kaka yangu huko kwenye ng'ombe. Dada wa Buffalo anasema atakutumia picha za watoto wake.

Jambo moja, Mama. Nikirudi kwa basi nilijaribu kukumbuka harufu ya koti la baba. Haikuja. Wewe unalo hapo ukutani. Ukinijibu, nieleze polepole, usiruke kitu.

Ni mimi kitinda mimba wako,
Nyota