Kwa Nini Nilikataa Jino la Kitale

S.L.P. 41,
Kapsokwony.
Agosti 14, 2025.

Mpendwa binti yangu Jepkorir,

Pokea salamu kutoka mlimani. U hali gani huko Perth? Nasikia kwenu sasa ni majira ya baridi, kwa hiyo vaa soksi nzito unapokwenda zamu ya alfajiri. Wale wazee unaowatunza hawajambo? Sisi tu wazima. Goti la mama yako mdogo Cherop limepunguza kuuma, mahindi yamebeba vizuri, ila mvua inazidi kuila barabara. Naandika kwa kalamu kama ilivyo desturi yangu, kisha mdogo wako Chelagat atazipiga picha kurasa hizi akutumie kwa simu.

Najua ulichoambiwa. Umeambiwa Baba Mdogo amezeeka vibaya, amemkatalia daktari wa Kitale jino lililokwisha kutengenezwa na kumtia aibu mbele ya wagonjwa. Kukataa, nimekataa. Kumtia aibu, hapana. Wewe ndiwe uliyenitafutia daktari huyo, na sitaki ufikiri nimedharau wema wako.

Unakumbuka pikipiki ilivyoniangusha kwenye mteremko, jino la mbele la juu likabaki barabarani. Mwezi wa Januari Daktari Mbugua alinitia skrubu ndogo ya titani ndani ya mfupa, akaweka kifuniko cha muda ili ufizi upone ukiwa na umbo zuri. Hadi hapo sina lawama. Juu ya skrubu hukaa kiungo, ambacho yeye hukiita abatimenti, na jino bandia huvikwa juu ya kiungo hicho. Fikiria ghala letu la mahindi: skrubu ni msingi uliofukiwa, kiungo ni nguzo inayotokeza, jino ni ghala lenyewe. Nguzo ikiinama, hutaliona ghala limesimama wima.

Sasa, viungo si vya aina moja. Kuna vya kiwandani, vyenye saizi chache, na kuna vya kupimiwa mtu kama suti. Kuna vilivyonyooka, na kuna vilivyopinda, vya kurekebisha mwelekeo pale skrubu na jino visipofuata mstari mmoja. Titani ina nguvu na inafaa sana magego, lakini mbele, kwa mtu mwenye ufizi mwembamba kama mimi, ule ukijivu wake huweza kuonekana, ndipo huchaguliwa kauri nyeupe. Tena jino lenyewe laweza kubanwa kwa skrubu, ambayo hufunguliwa likihitaji matengenezo, au kugandishwa kwa saruji, ambayo mabaki yake yakijificha chini ya ufizi huleta uvimbe. Haya yote Daktari alinieleza mwenyewe mwezi wa Juni, tena kwa michoro. Akaamua: kauri, kilichonyooka, jino libanwe kwa skrubu. Nikayaandika kwenye daftari.

Mwezi wa Julai akabadilisha. Ati sasa kiungo kiwe kilichopinda, na jino ligandishwe. Nikamuuliza kama skrubu imehama. Akacheka: "Hapana mzee, ni mpango tu umebadilika kidogo."

Jepkorir, nimefundisha hesabu miaka thelathini na minne. Mwanafunzi anayebadilisha jibu bila kubadilisha hesabu ameangalia daftari la jirani.

Nilishuku nimepewa kiungo cha mgonjwa mwingine. Nilishuku pia kimetoka kwa kampuni nyingine, maana skrubu ya kampuni moja haishikani na kiungo cha nyingine. Hesbon, fundi wa pikipiki hapa sokoni, aliniambia huku anajifuta grisi, "Mwalimu, nati ya hii haifungi ile. Ukilazimisha itashika leo, kesho inakutema njiani." Basi nikashuka Kitale na kadi yenye namba ya skrubu yangu, nikaomba karatasi ya kiungo. Namba zililingana. Badala ya kutulia, nikazidi kushuku: kama kiungo ni changu kweli, basi kosa limeanzia kwenye vipimo.

Tarehe saba mwezi huu, siku ya kuvishwa jino, nilikataa kuketi kwenye kile kiti kabla sijaona plasta, yaani mfano wa mdomo wangu uliotoka kwa fundi wa meno wa Bungoma. Daktari akanipa bila kinyongo. Nikaugeuza dirishani. Juu palikuwa sawa, pengo langu lilikuwepo. Chini, katikati, palikuwa na meno mawili mazuri, yamepangana kama ya msichana.

Meno hayo sijawa nayo tangu mwaka wa 1959. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja yalipong'olewa kwa chuma, kama ya wote wa rika langu, ili siku taya likikaza kwa ugonjwa mtu aweze kumiminiwa maziwa.

"Daktari," nikamwambia, "haya ni ya nani?"

Akatazama plasta. Akatazama mdomo wangu. Kisha akaketi yeye kwenye kiti cha wagonjwa.

Alimpigia fundi simu, kijana aitwaye Makokha, akafungua spika nisikie. "Daktari, si ile chapa ya meno ya chini uliyonitumia ilikuja na pengo," akasema kijana. "Nikajua imeharibikia njiani, nikaijazia." Kumbe kompyuta inayochora kiungo na jino ilipoyaona meno hayo ilihesabu kwamba jino la juu litagongana nayo, ikalisukuma mbele, na kiungo kikapinda kulifuata; tundu la skrubu likaangukia usoni mwa jino, ndipo ikabidi saruji. Ningetoka pale na jino limechomoza kama la panya, limegandishwa kwa saruji, likiyakwepa meno yasiyokuwepo!

Nikaomba simu. "Makokha, babu yako alikuwa na meno mangapi ya chini?"

"Mzee, mimi sikumkuta bana."

"Basi muulize nyanya yako."

Daktari aliniomba radhi. Lakini jambo hili bado linanikera: mtu aliyenichungulia mdomoni tangu Januari, siku ya kuamua aliitazama kompyuta. Amechukua chapa upya na tumerudi kwenye uamuzi wa Juni. Nitavishwa tarehe ishirini na tisa. Alipouliza kama nataka na yale mawili ya chini yarudishwe, nilimjibu kwamba la juu lilitolewa na pikipiki, alirudishe. Ya chini niliyatoa bila kulia, asiyaguse.

Ile plasta nimeifungia sandukuni hapa nyumbani. Daktari ataipata jino likishakaa mdomoni na nikishalikagua kwa kioo. Nimemwandikia pia rafiki yangu Wepukhulu wa Lugulu, ambaye ni wa rika langu na ana pengo kama langu. Jino lake la juu lilitengenezwa na Makokha huyohuyo mwaka jana, na tangu hapo analalamika kwamba mdomo haufungi. Tulikuwa tukimwambia ni uzee.

Msalimie mumeo Kipngetich na umbusu mtoto. Cherop na Chelagat wanakusalimu sana. Mungu wa mlima huu na wa bahari hiyo iliyo kati yetu akuweke hadi Desemba, uje unione nikicheka.

Ni mimi Baba Mdogo wako, akupendaye kwa meno yaliyopo na yasiyokuwepo,

Mwalimu Kemboi